Sinia la Bi Swafia na Kipande cha Mwisho

Ukimwona Bi Swafia akiteremka Kibokoni asubuhi, buibui limemkaa sawasawa, kapu la sokoni mkono mmoja na mpira wa kikapu kwapani, usicheke. Waliocheka ni wengi, na wengi wao wameshafungwa uwanjani. Asubuhi hufundisha upishi katika Chuo cha Mlango wa Papa, chuo kidogo chenye uwanja wa simenti iliyopasuka na pete moja iliyoinama. Jioni huvaa raba, akapuliza firimbi, na wasichana wale wale waliokuwa wakimenya viazi mbele yake hukimbizwa mpaka wakaomba maji.

Basi timu hiyo, jamani, iliwatesa watu! Kwenye mechi za kawaida za wiki kwa wiki hawakuwa wa kutisha. Leo watashinda, wiki ijayo watapigwa na timu ambayo hata jina lake hulijui. Lakini waingie kwenye mashindano ya vyuo, yale ya kucheza leo, kesho na kesho kutwa bila kupumua, hapo ndipo utakapowatambua. Wenzao wa bara walikuja na wasichana warefu, viatu vipya na mtu wa kuwakanda miguu. Siku ya kwanza walikuwa wakiruka juu huko. Siku ya pili utawaona wameshika viuno. Siku ya tatu joto la Mombasa limeshawamaliza, na wasichana wa Mlango wa Papa ndio kwanza wamechangamka, utadhani wametoka kuoga.

Watu waliulizana kuna nini pale. Wengine walisema ni dua, kuna shekhe anayewasomea. Wengine walisema ni joto tu, wamezaliwa nalo. Bi Swafia akiulizwa hucheka mpaka mtandio ukateleza. "Siri gani? Mie nawalisha tu."

Na hakuwa akisema uongo. Kila Ijumaa baada ya mazoezi timu nzima ilipanda ngazi za nyumba yake, ghorofani, ikakuta busati limetandikwa na masinia ya pilau yanafuka moshi. Sinia moja watu watano. Nani akae na nani alipanga yeye mwenyewe: hodari na mgeni, msemaji na mnyamavu, na waliogombana wiki hiyo lazima wakutane sinia moja, watake wasitake. Sasa, kula sinia kuna adabu zake. Unakula upande wako, huvuki kwenda kwa mwenzio. Nyama iko katikati, na anayeinyambua haipeleki kinywani, huisukumia wenzake kwanza. Wala huinuki mpaka wa mwisho ameshiba. Mtoto wa Mji wa Kale huyajua hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Bi Swafia aliyachukua mambo hayo akayapeleka uwanjani vile vile yalivyo. "Jannat!" atapiga kelele kutoka pembeni. "Nyama yako katikati, wenzio wana njaa!" Na Jannat, msichana wa Majengo mwenye mikono mirefu kuliko milango ya kwao, ataachia mpira upesi kabla hajakaripiwa tena. Mpira ulikwenda mkono kwa mkono mpaka wapinzani wakazunguka wenyewe. Tena wote walicheza. Robo ya pili ikiingia, hata wawe wanafungwa, Bi Swafia aliwaita wale hodari wake benchi akawatia waliobaki. Mkuu wa chuo alimjia juu mara nyingi kwa jambo hilo. "Kwangu hakuna anayekaa jikoni akinusa," akamjibu, na mkuu wa chuo akarudi kitini. Ndiyo maana siku ya tatu miguu ilikuwa mizima: kazi walikuwa wameigawana tangu siku ya kwanza.

Mtu kama huyo utamfanya nini, kama si kumpenda? Ila alikuwa na dosari yake, na tuiseme. Bi Swafia alikuwa hajui kuchukua. Ujanani alikuwa mchezaji mkali, anafunga kwa mkono wowote. Akaitwa Nairobi kwenye kambi ya timu ya taifa, naye akasema mwenzake Ruweida ndiye anayestahili. Ruweida akaenda. Bi Swafia alimsindikiza mpaka Mwembe Tayari kwenye basi, akampa na visheti vya njiani. Chuoni alipotakiwa awe mkuu wa idara, akampendekeza mwengine. Mara mbili kamati ya michezo ya vyuo imemtaka aongoze timu ya pamoja, ile ya wachezaji bora wa vyuo vyote inayokwenda nje, na mara zote mbili amesema, "Mpeni Mwalimu Tom, ana uzoefu." Tom, kocha wa chuo kimoja cha bara, akaenda, akarudi na picha.

Kakake, Fahim, anayekaa ghorofa ya chini ya nyumba hiyo hiyo, alikuwa hawezi kustahimili. "Swafia, wewe hata Izraili mtoa roho akija utamwambia amtangulize jirani."

"Kwani vibaya?" yeye akajibu, huku akimwongezea mchuzi.

Mambo yakaenda hivyo mpaka fainali ya mwaka juzi.

Walikuwa wanacheza na timu ya Tom. Sekunde za mwisho, Mlango wa Papa wako nyuma kwa pointi moja, na mpira uko mikononi mwa kapteni wao, Maleka, binti wa muuza leso wa Mtaa wa Biashara. Maleka yuko peke yake mbele ya pete. Peke yake! Hakuna wa kumgusa. Akatupa jicho, akamwona Jannat, akampa. Bi Swafia pale pembeni akatabasamu kwa raha, kwa vile pasi ilikuwa nzuri kweli. Jannat naye akamwona Zakiya yuko wazi, akampa. Zakiya akageuka kumtafuta Maleka amrudishie, na honi ikalia mpira ukiwa hewani kati ya watu wawili wenye adabu nzuri sana. Kombe likapanda basi la bara.

Mji ulisema. Na Mombasa ikisema, utajua imesema. Walisema wasichana wameogopa, kapteni amekufa moyo. Maleka akaacha kuja mazoezini. Wiki ya kwanza Bi Swafia akamwacha apoe. Wiki ya pili akavaa buibui lake akaenda dukani.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri, Mwalimu. Wataka leso gani?"

"Nakutaka wewe."

Maleka aliendelea kukunja leso, pembe juu ya pembe, macho chini. "Mimi nimeacha, Mwalimu. Watu wasema niliogopa. Hata babangu asema. Wallahi sikuogopa. Ningefunga nimefumba macho. Niliona haya tu, nichukue mie na Jannat yuko pale?" Ndipo akainua uso, machozi yanamlenga. "Si ndivyo ulivyotufunza?"

Bi Swafia alitafuta kigoda akakaa. Maneno yale yalimwingia. Alikumbuka lile tabasamu lake pale pembeni, na akaona aibu nalo. Alikuwa amewapa wasichana wake kila kilicho chake, na kumbe na ile dosari amewapa. Ilikuwa imelala ndani yake miaka yote, haimuumizi mtu ila yeye, na sasa ilikuwa imemvunja mtoto wa watu ambaye mwaka mmoja tu ulikuwa umembakia chuoni.

"Ndivyo nilivyokufunza," alisema. "Kosa ni langu, si lako, na nitamwambia babako hivyo hivyo akitoka msikitini. Lakini rudi, mwanangu. Ukiondoka na hili moyoni utaishi nalo. Mie nalijua."

Maleka akarudi kwenye leso zake. Ila Ijumaa iliyofuata alikuja, akakaa nyuma ya wenzake.

Sasa hebu nikuulize wewe uliyelelewa pwani: kipande cha mwisho cha nyama kwenye sinia, nani hukila? Hakuna. Huyu atamwambia yule, chukua. Yule ataapa ameshiba. Kitasukumwa huku, kitasukumwa kule, hadi sinia litanyanyuliwa nacho kirudi jikoni, na anayefaidi ni paka. Tumelelewa hivyo na wala si vibaya. Nyumbani kwa Bi Swafia paka walikuwa wamenenepa kwelikweli.

Ijumaa ile watu walipokaribia kumaliza, Bi Swafia alisimama katikati ya busati na kijiko cha pilau mkononi. "Sikilizeni. Kuanzia leo kipande cha mwisho hakirudi jikoni. Aliye karibu nacho ndiye alaye. Hakuna wallahi, hakuna nimeshiba."

Wasichana wakatazamana. Zakiya akaangua kicheko, akajifunika na mtandio. Kwenye sinia la kwanza Jannat alikitia kinywani haraka haraka kama mwizi, wenzake wakampigia vigelegele. Sinia la pili kipande kilikuwa mbele ya Maleka. Maleka akakisukuma kwa jirani. Bi Swafia akainama, akakirudisha. Maleka akakisukuma tena.

"Hanawi mtu hapa mpaka kiliwe," alisema Bi Swafia.

Wakakaa. Wali ukakauka vidoleni. Adhana ya magharibi ikakaribia, watu wakaanza kumnong'oneza Maleka amuogope Mungu, watachelewa sala. Mwishowe alikinyakua akakitafuna kwa hasira, machozi yakimtoka.

"Kitamu?" akauliza Bi Swafia.

"Kimepoa."

"Kimepoa kwa sababu umekichelewesha. Haya, kanaweni."

Haikuwa kazi ya Ijumaa moja. Kumtoa mtu haya aliyonyonya kwa mamake si mchezo, na Bi Swafia hakutaka kuitoa adabu yote, kwa vile ndiyo iliyokuwa nguvu yao. Uwanjani aliwaachia pasi zao kama zamani. Akaongeza jambo moja tu: mpira ukikufikia uko karibu na pete, tupa, usimtafute mtu. Na wengine je? Wengine walikuwa na tabia ya kusimama wakitazama mpira unavyoruka. Hapo aliwaka moto. "Mwenzio akitupa unasimama kumwangalia, umekuja kutazama harusi? Kimbilia chini ya pete! Akikosa, nani atamfaa?" Wakakimbizwa hivyo jioni baada ya jioni, mmoja anatupa na wanne wanakimbilia, wamechoka, jasho limewaingia machoni, kwa kuwa mashindano huishia katika uchovu na ndiko alikotaka wazoee.

Maleka alitupa. Mazoezini alitupa vizuri tu. Lakini Bi Swafia alimjua, na kila usiku kabla ya kulala aliomba asije akapatwa tena na ile haya pale penye watu.

Mashindano ya mwaka uliofuata yakaja, hapa hapa Mombasa, katika ukumbi mmoja upande wa Kilindini, mahali ambapo honi za meli huingilia kati firimbi ya refa. Ijumaa walicheza, wakashinda. Jumamosi walicheza mara mbili, wakashinda kwa namna iliyowafanya watu wa jukwaani kuwahurumia wenzao. Hata yule mgeni kabisa wa timu alifunga, akabaki ameshika mdomo asiamini.

Jumapili asubuhi, fainali. Na nani kule upande wa pili? Tom na wasichana wake. Tom alikuja kumpa mkono akicheka. "Mwalimu Swafia, mwaka huu tena mtatuachia?"

"Subiri, Mwalimu. Halafu mchana njoo nyumbani ule."

Ila Tom hakuwa mjinga. Alikuwa amewasoma. Safari hii naye alikuja na kikosi kizima kilicho fiti, akawa anawapumzisha kwa zamu vile vile kama Bi Swafia. Kwa hivyo siku ya tatu ilifika na miguu ya pande zote ni mizima, na ule ubora wa Mlango wa Papa wa kuwamaliza watu kwa uchovu haukuwapo tena. Wakaenda bega kwa bega. Huyu anafunga, huyu anarudisha. Ukumbi ukawa hausikilizani.

Robo ya mwisho ikawa inayoyoma, na Mlango wa Papa wako nyuma kwa pointi moja. Pointi moja ile ile! Bi Swafia akaomba mapumziko. Wasichana wakamzunguka wakihema, wakingoja maneno. Maleka alikuwa anatazama viatu vyake. Bi Swafia alitaka kumwambia neno, akaona litamzidishia mzigo.

"Mnajua," alisema. "Bismillahi, nendeni."

Mpira ukaanza. Zakiya kwa Jannat, Jannat ndani, ukatoka nje, ukarudi, mkono kwa mkono, nyama iko katikati. Wasichana wa Tom wakavutwa upande mmoja, na ghafla mpira ukamfikia Maleka, kando kidogo ya pete, wazi. Beki anamjia mbio. Upande wa pili Jannat ameinua mkono mrefu ule, anaomba. Macho ya Maleka yakaenda kwa Jannat. Bi Swafia aliyaona yakienda.

Maleka akatupa.

Mpira ukagonga pete, ukazunguka, ukatafakari, ukatoka nje. Jukwaa zima likapiga ukelele. Lakini mpira ulipomtoka Maleka tu, Jannat alikuwa ameshaangusha mkono na kukimbia, na Zakiya naye, na wengine nao, hakuna aliyebaki kutazama harusi. Jannat akaruka katikati ya watu watatu, akaudaka, akausukumia ndani kabla miguu yake haijagusa chini. Honi ikalia.

Maleka alikuja pembeni akipita katikati ya vigelegele, hajui acheke au alie. "Nimekosa, Mwalimu."

"Nimeona."

"Lakini nimetupa!"

"Nimeona, mwanangu. Nimeona!" Na Bi Swafia, ambaye hata mazikoni hujizuia, alimkumbatia akalia mbele ya kamati, mbele ya mkuu wa chuo, mbele ya watu wote, akajifuta kwa ncha ya mtandio na kulia tena.

Mchana pilau ilipikwa ya kuvunja rekodi. Fahim alibebeshwa maji, mchele, na viti vya majirani. Wanaume walitengewa sinia lao karibu na mlango: Fahim mwenyewe, Mwalimu Tom aliyetimiza ahadi yake ya kuja, na Bwana Kalama, katibu wa michezo ya vyuo. Bi Swafia safari hii wasichana walimlazimisha akae ale, aache kupita na kijiko. Akakaa sinia moja na Maleka, Jannat, Zakiya na yule mgeni wa timu.

Walipokuwa wanamalizia, Bwana Kalama akasafisha koo. "Mwalimu Swafia, hongera tena. Sasa nina ujumbe. Timu ya pamoja inakwenda Kampala mwezi ujao, na kamati imesema nikuulize wewe kwanza. Utaiongoza?"

Bi Swafia akatabasamu lile tabasamu lake la siku zote, akaelekeza mkono mlangoni. Tom, masikini, alikwisha weka kiganja kifuani tayari kushukuru. Fahim akafumba macho.

"Ah, Bwana Kalama, mbona Mwalimu Tom yuko hapa hapa, na uzoefu wake, yeye ndiye..."

Kitu kikamgusa vidole. Akatazama chini. Kilikuwa kipande cha mwisho cha nyama. Maleka alikuwa amekisukuma polepole kuvuka sinia zima, akavunja adabu ya kuingia upande wa mtu, mpaka kikafika mbele ya Bi Swafia kabisa.

"Kiko karibu na wewe, Mwalimu," alisema Maleka.

"La, mwanangu, wallahi nimeshi..."

"Hakuna wallahi!" wakapiga kelele wasichana wa masinia yote kwa pamoja, hata Bwana Kalama akashtuka.

Bi Swafia akakitazama kipande kile. Akamtazama Maleka, ambaye hakukwepesha macho. Akakichukua, akakitia kinywani, akatafuna taratibu huku nyumba nzima ikimngoja ameze.

"Kingali na moto," alisema. Kisha akamgeukia Bwana Kalama. "Kampala nitakwenda mimi."